Waridi Lililofuliwa

Mikono ya Mama Pacha haikujua kukaa bure. Akisubiri maji yachemke, anafuma. Mumewe akimsimulia habari za kazini, anafuma. Mume alishazoea kuzungumza na utosi wa mkewe, maana macho yalikuwa kwenye uzi. Mkunga naye alisema kwamba siku ile ya kujifungua mapacha ilibidi amnyang'anye sindano kwa nguvu.

Sindano yenyewe ilikuwa ya chuma, yenye kikulabu kidogo mwishoni. Kwa sindano hiyo alikuwa amewafumia vitambaa vya meza watu wa nusu ya mtaa. Nusu nyingine walikuwa wanasubiri zamu yao.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Juu ya meza ya sebuleni kulikuwa na chupa ya kioo yenye ua moja la plastiki, waridi jekundu. Ua hilo lilikuwepo hapo tangu mapacha hawajazaliwa, na kila Jumamosi lilipanguswa vumbi kwa kitambaa chenye maji.

Jumamosi moja alipokuwa akilipangusa, mdogo wake aliingia. Mdogo wake alikuwa na miaka ishirini na sita. Alifanya kazi katika duka la miwani, akiwajaribisha wateja miwani mpaka waipate inayowafaa.

"Dada, tarehe ya harusi imepangwa," alisema. "Wiki tatu kutoka leo."

Mama Pacha akapiga vigelegele mpaka mapacha wakaja mbio kutoka chumbani. Kisha akauliza, "Na shada la maua? Utashika maua gani?"

"Maua gani tena, dada? Si unanijua. Nitashika pochi."

Alicheka, lakini Mama Pacha hakucheka. Alimlea msichana huyu tangu mama yao alipofariki, na alikijua kicheko chake cha kweli. Hiki hakikuwa chenyewe.

Mdogo wake alikuwa na pumu. Pumu ya kila mtu ina vichokozi vyake. Wengine huchokozwa na moshi, wengine na vumbi, wengine na baridi. Kwake yeye yalikuwa maua na manukato. Daktari alimweleza kwamba ua lina unga mwembamba uitwao chavua. Unga ule ukimwingia, njia za hewa kifuani hubana. Na harufu kali humfanyia vivyo hivyo. Mwaka juzi alimsindikiza rafiki yake aliyekuwa bibi harusi, akiwa amesimama karibu na shada kubwa. Kabla picha hazijapigwa, kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Alitolewa nje akiwa ameshikwa mikono miwili, na pampu yake ya dawa mdomoni. Tangu siku hiyo aliyaona maua kutoka upande wa pili wa barabara tu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Mama Pacha hakumwambia mtu. Mdogo wake alipokuwa na miaka sita alikuwa akikaa dirishani, dirisha limefungwa, akiwatazama wenzake wakichuma maua. Siku moja aliuliza, "Dada, ndani ya ua kuna nini?"

Mama Pacha hakutaka mtoto aumie roho. Akamjibu, "Hamna kitu. Ni ua tu."

Ilikuwa miaka ishirini sasa, na jibu lile bado lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Nitakufumia shada," alisema ghafla.

"La kitambaa cha meza?"

"La waridi! Utalishika mkononi, na utaliweka hapa." Akamgusa mdogo wake puani.

Mdogo wake akajigusa pale pale puani. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ukiweza, dada, nitafurahi sana."

Mama Pacha alianza siku hiyo hiyo. Aliketi mbele ya ua la plastiki na kuliiga. Alifuma utepe mrefu wenye mawimbi, akauviringisha, akaushona chini. Ukawa mviringo mnene, mgumu, mwekundu pande zote.

"Mama, kabichi hii tunaipika leo?" aliuliza pacha wa kwanza.

"Kabichi haiwi nyekundu," alisema pacha wa pili. "Hicho ni kitunguu."

Mume wake, fundi umeme, alirudi kutoka kazini na mfuko wake wa vipande vya nyaya. Alilishika ua lile, akaligeuza juu chini. Alikuwa mtu mwenye hekima ya ndoa. "Limeshonwa imara," alisema. "Hili hata likianguka ghorofani halivunjiki."

Mama Pacha alilifumua. Akafuma jingine, likatoka vile vile. Siku ya nne alikuwa na vitunguu sita na machozi karibu.

Jirani yao mmoja alikuwa mtunza bustani wa ofisi za maji. Watu walimwita Mama Mkasi, kwa sababu mfukoni mwake hakukosekana mkasi wa kupogolea. Jioni hiyo alikuwa anarudi kutoka kazini na mabuti yake ya mpira, akamwona Mama Pacha kibarazani, sindano imelala mapajani.

"Jirani! Leo sindano inaumwa?"

"Anayeumwa ni mimi. Tazama kazi yangu."

Mama Mkasi akachukua kimoja cha vile vitunguu. Hakucheka, na kwa hilo Mama Pacha alimshukuru moyoni.

"Mkono wako mzuri," alisema. "Mshono haujakosea hata mmoja. Ila hili umeliiga kutoka wapi?"

"Kutoka ua la mezani."

"Lile la plastiki?"

"Hilo hilo."

"Basi shida ndiyo hiyo. Yule aliyetengeneza la plastiki naye aliiga, tena kwa haraka. Wewe umeiga kilichoigwa. Umewahi kulitazama waridi lenyewe?"

"Nani hajawahi kuona waridi?"

"Kuona wameona wote. Nimeuliza kutazama. Kesho njoo kwangu na daftari."

Kesho yake Mama Pacha alikwenda. Kwenye kibaraza cha Mama Mkasi kulikuwa na vyungu vitano vya mawaridi. Mama Mkasi alitandaza gazeti mezani. Akachagua ua moja la rangi ya waridi, akalikata.

"Hili lina siku tatu tangu lifunguke. Kesho lingeanza kupukutika lenyewe. Usilionee huruma. Tutalifungua."

"Kulifungua vipi?"

"Kama mumeo anavyofungua redio mbovu. Kimoja kimoja, na kila kimoja unakiweka kwa mpangilio wake."

Akabandua petali ya kwanza ya nje. Petali ni yale majani laini yenye rangi. Akaiweka kwenye gazeti. Akabandua ya pili, ya tatu. Mama Pacha alizihesabu kwa sauti. Alidhani zingekuwa kumi, labda kumi na mbili. Zilipofika ishirini akaanza kunong'ona. Zilifika thelathini na moja.

"Thelathini na moja!" alisema. "Humu ndani zilikaaje?"

"Sasa zitazame. Usiziguse kwanza."

Mama Pacha aliinama. Petali za nje zilikuwa pana, na kingo zake zilijikunja kurudi nyuma. Za katikati zilikuwa zimejaa kama kiganja kinachokinga maji. Za ndani kabisa zilikuwa nyembamba, nyingine zimepinda upande. Hazikuwepo mbili zilizofanana. Na petali aliyodhani ni ya rangi ya waridi tupu, haikuwa ya rangi moja. Chini kabisa, pale ilipokuwa imeshikamana na ua, ilikuwa na rangi ya maziwa, kisha njano hafifu, kisha rangi ikapanda taratibu mpaka ukingoni ilipokolea.

"Kila petali imeziba nafasi iliyoachwa na mbili za nje yake," alieleza Mama Mkasi. "Hakuna iliyomkalia mwenzake kichwani. Kama wewe unashona, lazima uzipishe hivyo hivyo."

Mama Pacha aliinua macho akavitazama vyungu. Alikuwa amepita mbele ya vyungu hivi kila siku kwa miaka saba, na hakuwa amejua lolote.

"Bado," alisema Mama Mkasi. Akageuza kikonyo kilichobaki. Chini yake kulikuwa na vijani vitano vya kijani, vile vilivyolifunika ua lilipokuwa changa. "Hivi mtu huwa hana habari navyo. Hesabu ndevu."

"Ndevu?"

"Tazama kingo zake."

Mama Pacha akasogeza uso. Vijani viwili vilikuwa na vinyuzi vidogo pande zote mbili, kama ndevu. Viwili vilikuwa laini kabisa. Na cha tano kilikuwa na ndevu upande mmoja tu, upande wa pili kipara.

"Hiki kina kasoro," alisema.

"Huyo alikuwa kwa kinyozi, umeme ukakatika." Mama Mkasi alikata ua jingine kutoka chungu kingine, akaligeuza. Viwili vyenye ndevu, viwili laini, kimoja nusu. Akageuza la tatu likiwa bado kwenye mti. Viwili, viwili, kimoja nusu. "Kazi yangu ni miaka kumi na tisa sasa. Nikichoka huwa nageuza ua moja, nahesabu. Yakifunguka vizuri, nakuta vijani viko hivyo hivyo. Ni kwa sababu ya jinsi vinavyofungana ua likiwa changa. Upande uliofunikwa na mwenzake haupati nafasi ya kuota ndevu. Ulio nje unaota."

Mama Pacha alikaa chini. Aligundua kwamba alikuwa ameshika mdomo kwa mkono, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada akiwa amevaa viatu.

"Na mimi nilimwambia hamna kitu," alisema.

"Ulimwambia nani?"

Akamsimulia habari ya dirisha. Mama Mkasi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi unajua kazi yako. Mimi najua ua, wewe unajua uzi. Chora kila petali kwenye daftari kabla haijanyauka. Na ukitoka hapa nawa mikono na ubadilishe nguo, usimpelekee mdogo wako chavua nyumbani."

Sasa kazi ikawa kazi. Mama Pacha alinunua uzi mwembamba wa pamba, kwa sababu pamba inafulika. Alianza kila petali kwa uzi wa rangi ya maziwa, akaingiza wa njano hafifu, akamalizia na wa rangi ya waridi. Kuhusu mikunjo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Alijua kwamba ukirudia mishono miwili kwenye tundu moja, ukingo unazidi urefu, unakosa pa kukaa, unajikunja wenyewe. Ukipunguza mishono, petali inajikusanya kama kiganja. Kwa petali za ndani alichukua sindano ndogo zaidi.

Mumewe alileta vipande vya waya wenye ganda la kijani, vilivyobaki kazini. "Huu haupati kutu," alisema. "Maana umevaa koti." Ukawa vikonyo. Vijani vitano vya kila ua alivifuma kwa uzi wa kijani, na ndevu akazihesabu mara mbili.

Shada lilikuwa na maua saba. Matatu yalikuwa yamefunguka, mawili yalikuwa yanafunguka, mawili yalikuwa machanga. Petali alizipaka wanga mwepesi zikauke na kusimama. Alipomaliza, ilikuwa siku mbili kabla ya harusi, asubuhi. Mapacha walisimama mlangoni wakaogopa kuingia.

"Mama, umechuma?" aliuliza pacha wa kwanza. "Si Mama Mdogo ataumwa?"

Mama Pacha alikaa akalia kwa furaha.

Laiti angeishia hapo. Lakini saa nne alifika shangazi yao kutoka mbali kwa ajili ya harusi. Shangazi alilitazama shada, akasema, "Mashallah, mashallah." Halafu akalinusa. "Ila mwanangu, ua bila harufu ni kama chai bila sukari." Akafungua mkoba, akatoa kichupa cha marashi ya waridi. "Matone machache tu."

Mama Pacha alikuwa amelewa sifa. Kwa wiki nzima alikuwa amewaza jambo moja tu, liwe kama la kweli. Na la kweli si linanukia? Akapokea kichupa. Akadondosha tone kila ua, na la katikati akaliongezea mawili.

Mdogo wake alikuja mchana kulitazama. Alivuka kizingiti, akaliona, macho yakamtoka. Akapiga hatua mbili. Kisha akakohoa. Akakohoa tena. Mkono ukaenda kifuani, na ile filimbi ikasikika.

"Nje!" alipiga kelele Mama Pacha. "Mtoeni nje!"

Walimketisha kibarazani, wima, penye hewa. Alivuta dawa yake kama alivyofundishwa na daktari. Mama Pacha alipiga magoti mbele yake akihesabu pumzi zake. Ilichukua muda kabla filimbi haijapungua, na Mama Pacha aliuona muda huo kama mwaka.

"Dada," alisema mdogo wake alipopata sauti. "Umetia nini?"

"Marashi. Nilitaka liwe kama la kweli."

Mdogo wake akafumba macho. "Ni zuri sana, dada. Nimeliona. Basi, inatosha. Nitashika pochi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Mama Pacha. Shangazi alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani, anatamani ardhi ipasuke.

Mama Mkasi alisikia zogo akaja. Alielezwa yote. Akaingia ndani, akatoka na shada amelishika mbali, akalipeleka nyuma ya nyumba.

"Jirani, acha kulia, lete beseni."

"Limeshaharibika."

"Ua langu mimi nikiliosha kwa sabuni linakufa. Lako ni la pamba. Wewe umefua pamba maisha yako yote. Umesahau unachokijua?"

Mama Pacha akafuta uso. Alileta maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Akazamisha maua, akayakamua taratibu kwa vidole bila kuyasokota. Shangazi akakunja mikono ya gauni akabeba ndoo za kusuuzia, moja baada ya nyingine, bila kuambiwa. Walisuuza mara sita, mpaka Mama Mkasi aliponusa akasema hasikii kitu. Kisha waliyabana maua ndani ya taulo na kuyaning'iniza kivulini, vichwa juu. Fundi umeme alivuta waya mpaka uani akaweka feni.

"Wanga wote umetoka," alisema Mama Pacha kwa huzuni. "Yatalegea."

"Tutaona," alisema Mama Mkasi.

Asubuhi iliyofuata Mama Pacha alitoka uani na kusimama ghafla. Petali zilikuwa zimelegea, ndiyo. Za nje zilikuwa zimeinama kidogo kila moja kwa namna yake, moja imepinda, nyingine imejikunjua. Zilipokuwa na wanga zilisimama kama askari kwenye gwaride. Sasa zilikuwa zimetua. Yalikuwa mawaridi ya siku tatu, yaliyofunguka kwa wakati wake.

Mama Mkasi alikuwa anapita kwenda kazini. Aliegemea ukuta, akayatazama. Mtu wa miaka kumi na tisa bustanini, na mkono wake ulikwenda mfukoni kwenye mkasi, kama vile anataka kukata.

Safari hii hawakufanya pupa. Siku hiyo, maua yalipokauka kabisa, mdogo wake alisimama mbali, pampu mkononi. Akasogea hatua moja, akangoja. Hatua nyingine, akangoja. Kifua kilikuwa kimya. Akafika. Akalichukua shada. Akalisogeza usoni polepole, akaizamisha pua yake katikati ya ua kubwa, akavuta pumzi ndefu, yote, mpaka mabega yakapanda.

Hakukohoa.

Kisha akaanza kutazama. Alifungua petali kwa ncha ya kidole, moja baada ya nyingine. "Kumbe chini ni za maziwa," alinong'ona. "Kumbe hazilingani." Akaligeuza. Kazi yake ilikuwa miwani, na jicho lake halikupitwa na kitu. "Dada, hapa umesahau. Hiki umefuma upande mmoja."

"Sijasahau."

Mama Pacha akamwonyesha. Viwili vyenye ndevu, viwili laini, kimoja nusu. Wakageuza ua la pili, la tatu, yote saba.

"Na waridi la kweli liko hivi?"

"Liko hivi."

"Yote? Duniani kote?"

"Mama Mkasi anasema hajakuta lililokosea."

Mdogo wake aliligeuza tena ua la kwanza. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Uliniambia hamna kitu," alisema.

"Nilikuwa sijui," alisema Mama Pacha. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa sijatazama."

Siku ya harusi bibi harusi alishika shada muda wote, na pochi akapewa shangazi. Wageni waliombwa mapema wasijipulizie manukato, na hakuna aliyenuna. Shangazi ndiye aliyesimama mlangoni kuwanusa.

Siku hizi, kila Jumamosi mchana, kibarazani kwa Mama Mkasi hukaa wanawake watano, na wanaume wawili, wenye sindano. Hakuna anayeruhusiwa kugusa uzi kabla hajafungua ua la kweli juu ya gazeti na kuhesabu. Ua la plastiki walipewa mapacha, nao wakalizika uani kwa heshima zote.

Na kwenye duka la miwani, mezani, kuna waridi moja la uzi ndani ya chupa. Kila mwisho wa wiki muuza miwani hulifua, lisikae vumbi. Mteja akija kuchagua miwani ya kusomea, humpa ubao wa herufi kwanza, kama kawaida. Halafu humpa lile ua.

"Ligeuze," humwambia. "Tazama vile vijani vitano vya chini. Unaona nini?"

Wengi hukunja uso na kusema wanaona ua tu. Yeye huwabadilishia miwani, akawapa nyingine, akangoja. Hana haraka. Mpaka mteja asogeze ua karibu, na kusema kwa sauti ya chini, "Hee! Kimoja kina ndevu upande mmoja."

"Basi," husema muuza miwani. "Hiyo ndiyo miwani yako."